Kinyama cha ngozi cha milimita 4: kisa cha ugonjwa wa Marfan katika familia moja ya Tanga

Marfan ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu unganishi, zile zinazoshikilia mwili, pamoja na aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa. Umri na mpangilio wa familia vimebadilishwa kidogo, ila mantiki ya kitabibu na ya kimaabara imeachwa kama ilivyokuwa. Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, wauguzi na watu wa maabara wanaofikiria kutuma sampuli ya mgonjwa wao iende kutengenezewa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine), na wangependa kujua mapema wapi kazi hiyo hukwama.

Usuli

Kijana wa miaka 19, mkazi wa Tanga mjini, alikwenda kliniki ya macho kutafuta miwani. Haoni mbali, kipimo kilikuwa dayopta 4.5 za kutoona mbali kwa kila jicho. Aliyempima aligundua jambo lisilohusu macho: kijana alipokunja gumba ndani ya ngumi, ncha yake ilichomoza upande wa pili, na alipozungusha gumba na kidole cha mwisho kwenye kifundo cha mkono, kucha zilipishana. Akamwandikia rufaa. Tunaitaja hatua hii kwa makusudi, kwa sababu kila kilichofuata kilitegemea mtu mmoja aliyeangalia mikono wakati kazi yake ilikuwa macho.

Urefu wake ulikuwa sentimita 193, uzito kilo 68, na upana wa mikono iliyonyooshwa sentimita 205. Uwiano wa upana kwa urefu ni 1.06, yaani juu ya kikomo cha 1.05, na miguu ilikuwa mirefu isivyolingana na kiwiliwili. Kifua kilichongoka mbele, nyayo zilikuwa bapa, na mabegani kulikuwa na michirizi ya ngozi ambayo haikutokana na kunenepa. Kwa vigezo vya Ghent, orodha ya alama za kutambua Marfan, vilivyorekebishwa mwaka 2010, alama za mwili zilifika 9. Zikifika 7 zinahesabika. Lenzi za macho zilikuwa mahali pake.

Eko ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti, ndiyo iliyobadilisha uzito wa mambo. Mzizi wa aota ulikuwa na milimita 42. Kwa umri na ukubwa wa mwili wake, hiyo ni alama Z (umbali wa kipimo kutoka wastani wa watu kama yeye) ya 3.8, na kikomo ni 2.

Baba yake alifariki akiwa na miaka 41. Maumivu ya kifua yalimshika ghafla, yakapenya hadi mgongoni, akaondoka usiku uleule. Maiti haikuchunguzwa. Kwenye familia, kifo kile kilikuwa na mkono wa mtu, na kwa miaka kadhaa ndugu wawili hawakusalimiana kwa ajili yake. Kwa daktari anayesikiliza, maelezo yale yanafanana sana na mpasuko wa aota, ingawa hayathibitishi.

Kijana alikuwa akipakia na kupakua mizigo. Kazi hiyo alishauriwa aiache siku ileile: kunyanyua kitu kizito huku umebana pumzi hupandisha presha ndani ya aota kwa ghafla.

Uamuzi wa kwanza: matibabu hayasubiri jeni

Mzizi wa aota uliopanuka pamoja na alama 9 za mwili vinatosha kutaja ugonjwa wa Marfan hata bila kipimo cha jeni, mradi magonjwa yanayofanana nao yamefikiriwa. Kwa hiyo atenololi, dawa inayopunguza kasi ya moyo na presha, ilianzishwa, eko ikapangwa kurudiwa baada ya miezi 6, na kikomo cha upasuaji kikaelezwa kwa namba: milimita 50 kwa kawaida, 45 ikiwa kuna historia ya mpasuko katika familia, na mapema zaidi ikiwa mshipa unapanuka zaidi ya milimita 3 kwa mwaka.

Aliandikiwa pia kwenye daftari lake, kwa herufi kubwa, asinywe antibayotiki ya sipro. Dawa za kundi la siprofloksasini zimehusishwa na kupasuka kwa aota, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo Desemba 2018. Katika mji ambao mtu akihisi mkojo unachoma hununua sipro dukani bila cheti, onyo hili lina maana kubwa kuliko nusu ya mambo yaliyomo kwenye vitabu.

Kipimo cha jeni kilihitajika kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wa Loeys-Dietz unaweza kufanana na Marfan, na aota yake hupasuka ikiwa bado nyembamba zaidi. Kikomo cha upasuaji hubadilika. Pili, kijana ana kaka wa miaka 26 na mdogo wake wa kike wa miaka 14. Marfan hurithiwa kwa nusu kwa nusu: kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50.

Jibu lililokuja bila jibu

Damu ilipimwa kwa orodha ya jeni za magonjwa ya tishu unganishi. Jeni za Loeys-Dietz na ile ya kolajeni ya aina ya 3 zilikuwa safi. Kwenye jeni ya FBN1, iliyo kwenye kromosomu ya 15 na inayotengeneza protini ya fibrilini-1, kulionekana badiliko la herufi moja: G imekuwa A, nafasi ya tano ndani ya introni (kipande cha jeni kinachokatwa na kutupwa), baada tu ya mwisho wa eksoni (kipande kinachobaki kwenye ujumbe wa protini). Ripoti ikaandika: badiliko lenye maana isiyojulikana.

Msomaji asiye wa fani anaweza kudhani maabara ilishindwa kazi. Haikushindwa. Nafasi ya tano ni sehemu ya alama inayoiambia seli mahali pa kukata na kuunga ujumbe wa RNA. Ikiharibika, seli inaweza kuiruka eksoni nzima, au isiathirike kabisa. Programu za kompyuta zilikisia kwamba ukataji ungedhoofika, lakini makisio peke yake hayatoshi kubadilisha daraja. Badiliko hilo halikuwemo kwenye hifadhidata za kimataifa, na hapa ndipo tatizo letu linapoonekana: hifadhidata hizo zimejaa Wazungu. Kutokuonekana kwa badiliko la mtu wa pwani ya Afrika Mashariki kunaweza kumaanisha kwamba ni la nadra na lenye madhara, au tu kwamba majirani zake hawajawahi kupimwa. Baba, ambaye damu yake ingesaidia, ameshazikwa.

Maswali mawili yaliyochanganywa

Timu ilikuwa na mshirika nje ya nchi anayetengeneza seli shina za iPS, yaani seli za mtu mzima zilizorudishwa kwenye uchanga, kutoka kwa wagonjwa wa Marfan. Pendekezo la kwanza lililoandikwa lilisema, kwa kifupi: tuchukue kinyama cha ngozi, tutengeneze seli shina, tuzigeuze ziwe misuli laini ya aota, tujue kama badiliko lina madhara.

Pendekezo hilo lilirudishwa na mtaalamu mmoja wa jeni kwa hoja ambayo sasa tunaiona ndiyo kiini cha kisa chote. Familia inauliza: je, badiliko hili ndilo linalosababisha ugonjwa, ili tumpime binti? Mtafiti anauliza: badiliko hili linaifanyia nini seli ya aota? Swali la kwanza halihitaji seli shina. Seli za kawaida za ngozi, fibroblasti, hutengeneza fibrilini-1 kwa wingi, na RNA yake inasomeka moja kwa moja ndani ya wiki chache. Swali la pili ndilo linalohitaji seli shina, kwa sababu hakuna anayeweza kukata kipande cha aota ya mtu mzima aliye hai kwa ajili ya utafiti.

Mpango ukagawanywa. Kinyama kilekile kimoja, njia mbili, na njia ya kwanza isisubiri ya pili.

Kwa nini ngozi na si damu? Seli za damu zinaweza kurudishwa kuwa seli shina, na kuchoma sindano ni rahisi kuliko kukata. Lakini FBN1 haisomwi vya kutosha kwenye damu, kwa hiyo damu isingejibu swali la familia. Tena damu inataka kutenganishwa ndani ya siku moja au mbili. Kipande cha ngozi kwenye midia (kimiminika cha kulishia seli) ni kivumilivu zaidi.

Ridhaa

Kibali cha kamati ya maadili ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiliombwa, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli kwenda nje. Kwa kuwa taarifa za jeni ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ilizingatiwa: kilichosafiri kilibeba msimbo, na ufunguo wa misimbo ukabaki Tanga kwa mtu mmoja.

Makaratasi yalikuwa sehemu nyepesi. Sehemu nzito ilikuwa kikao cha nyumbani, akiwepo kijana, mama, kaka, baba mkubwa na shangazi. Baba mkubwa aliuliza: "Sasa daktari, hizo seli mkishazikuza, akiondoka yeye duniani, zenyewe zinabaki?" Akajibiwa: "Ndiyo, mzee. Zinaweza kukaa kwenye baridi miaka na miaka, na zikitolewa zinaendelea kuota." Kimya kikatanda kidogo. Fomu ilikuwa imelieleza jambo hilo kwa sentensi moja, ndefu na laini, ambayo mtu angeweza kuisoma asishtuke.

Shangazi aliuliza kama kuna kitu cha nguruwe. Swali hilo halikuwemo kwenye orodha ya maswali yaliyotarajiwa, na jibu la kweli ni ndiyo: tripsini, kimeng'enya cha kawaida cha kubandua seli kwenye sahani, mara nyingi hutoka kwenye kongosho la nguruwe. Familia ilielezwa kwamba hakuna chochote kitakachorudishwa mwilini mwa kijana, na maabara zote mbili zikakubali kutumia EDTA, kemikali isiyotoka kwa mnyama, au kimeng'enya cha kutengenezwa. Kiufundi halikuharibu chochote.

Makubaliano mengine yaliandikwa wazi: zisitengenezwe mbegu za uzazi, zisiuzwe, zisichomwe kwenye panya bila kurudi kuomba, na akijitoa, viyali (vichupa vya seli) vilivyobaki vitaharibiwa, ila data iliyokwisha kuchapishwa haitarudishwa. Mama alikuwa na matumaini ambayo hayakuandikwa popote. Aliwahi kusikia matangazo ya kliniki za nje zinazouza "tiba ya seli shina", na alidhani mwanawe anaandaliwa dawa. Ilibidi aambiwe mara tatu, siku tofauti, kwamba hii si tiba.

Sampuli ya kwanza, iliyokufa njiani

Ngozi ilikatwa vizuri. Ikawekwa kwenye tyubu ya mililita 15 yenye midia ya DMEM, seramu ya ndama asilimia 10, penisilini na streptomaisini. Tyubu ikaingizwa kwenye boksi la baridi lililojaa pakiti za barafu zilizotoka friza muda huohuo, ikabanwa katikati yake. Basi la Tanga kwenda Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350, lilichukua saa zaidi ya sita.

Kilichofika kilikuwa kimeganda na kuyeyuka. Maji yaliyoganda bila kinga ya DMSO hutengeneza fuwele zinazopasua seli. Vipande viliwekwa kwenye sahani kwa wiki tatu na havikutoa hata seli moja. Kijana alilazimika kukatwa mara ya pili.

Kosa lilikuwa la hofu ya joto. Februari pwani, kila mtu anaogopa sampuli itaiva. Ukweli ni kwamba kipande cha ngozi ndani ya midia hustahimili nyuzi joto 20 hadi 25 kwa siku mbili hivi, na nyuzi 2 hadi 8 pia. Kisichovumilika ni kuganda. Baada ya hapo utaratibu ukawa: pakiti zitolewe friza dakika 30 kabla, hadi zianze kutoa jasho; tyubu ifungwe ndani ya taulo au boksi dogo la karatasi lisilogusa barafu; na kipimajoto kinachorekodi kisafiri nalo. Kipimajoto kisichorekodi ni pambo tu, maana huonyesha joto la wakati wa kufungua.

Sampuli ya pili, hatua kwa hatua

Sehemu iliyochaguliwa ni upande wa ndani wa mkono wa juu, mahali ambapo jua halifiki na kovu halionekani. Ngozi ilisafishwa kwa iodini, kisha iodini ikafutwa kabisa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Mabaki ya iodini yanaua fibroblasti, na wengi hukosea hapa kwa sababu kwenye upasuaji wa kawaida huachwa makusudi. Ganzi ilikuwa lignokaini ya asilimia 2, mililita 1, ikichomwa kuzunguka eneo na si katikati yake. Kisu cha duara cha milimita 4 kilizungushwa hadi kwenye mafuta, kipande kikainuliwa kwa ncha ya sindano badala ya kubanwa na koleo. Uzi mmoja wa nailoni 4/0, ukatolewa siku ya 10. Angekuwa na dalili za Ehlers-Danlos, ugonjwa mwingine wa tishu unganishi, uzi ungekaa takriban mara mbili ya hapo, kwa kuwa ngozi yao huchanika na kupona taratibu.

Tyubu ilijazwa karibu kufika juu ili kipande kisikwame kwenye kifuniko kikakauka. Hilo nalo ni jambo dogo ambalo limewahi kuua sampuli nyingi.

Dar es Salaam, kipande kilikatwa vipande vya milimita 1 hivi. Viliwekwa 10 kwa kila kisima cha sahani ya visima sita, vikaachwa dakika 10 hadi 15 vishike plastiki, kisha ikaongezwa midia kidogo tu, nusu mililita, yenye seramu asilimia 20. Ukijaza midia nyingi siku ya kwanza, vipande huelea, na kipande kinachoelea hakioteshi kitu. Sahani haikuguswa kwa siku 6. Mwanafunzi mwenye hamu ya kuchungulia kila asubuhi ni adui wa hatua hii.

Siku ya 5 zilionekana seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Siku ya 9 fibroblasti nyembamba zenye umbo la mtumbwi zikaanza kutoka. Wiki ya nne kulikuwa na seli za kutosha. Zilioteshwa wiki mbili bila antibayotiki, kisha zikapimwa mikoplasma, bakteria wadogo mno, kwa PCR (kipimo cha kunakili DNA). Mikoplasma haifanyi midia iwe na ukungu, haionekani kwa hadubini ya kawaida, na hubadilisha tabia ya seli kiasi cha kuharibu kila kipimo kitakachofuata. Matokeo yalikuwa safi. Viyali 20 viligandishwa, seli milioni 1 kila kimoja, kwenye DMSO asilimia 10, vikishushwa joto nyuzi 1 kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha kwenye naitrojeni ya maji. Kumi vikabaki nchini. Mshirika wa nje alitaka vyote, kwa hoja kwamba tangi lake lina ulinzi bora. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ikikubaliwa kila mara hakutakuwa na tangi lenye ulinzi hapa.

Jibu la familia

Kisima kimoja cha fibroblasti kilitiwa saikloheksimaidi kwa saa 6, kingine hakikutiwa. Dawa hiyo huzuia seli kuharibu RNA yenye kasoro kabla haijasomwa. RNA ikatolewa, ikageuzwa kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, na PCR ikafanywa kwa praima (vipande vifupi vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) zilizokaa eksoni mbili kabla na mbili baada.

Kwenye jeli ya asilimia 2 kulikuwa na mistari miwili. Mmoja wa kawaida. Wa pili mfupi kwa herufi 126. Kusoma mfuatano kulithibitisha kwamba eksoni nzima imerukwa. Herufi 126 zinagawanyika kwa 3, hivyo protini haikatiki njiani: inatengenezwa ikiwa imepungukiwa asidi amino 42, yaani kikunjo kimoja kizima kati ya vikunjo 43 vinavyoshika kalsiamu. Protini ya namna hiyo inaweza kuwa na madhara makubwa, kwa kuwa huingia kwenye nyuzi pamoja na nzima na kuziharibu. Athari ya pengo hili ilionekana pia kwa macho: fibroblasti zilipoachwa zikajaa sahani kwa siku 7 na kupakwa kingamwili ya fibrilini-1, wavu ulikuwa mwembamba na umekatikakatika.

Badiliko lilipandishwa daraja likawa linaloelekea kusababisha ugonjwa. Kutoka kukatwa mara ya pili hadi ripoti hiyo ilikuwa wiki 9. Kaka alipimwa, hana. Mama hana. Binti wa miaka 14 analo. Aota yake bado ni ya kawaida, alama Z 1.2. Kumpima mtoto kulikubalika kwa sababu ufuatiliaji wa Marfan huanza utotoni na una faida ya moja kwa moja kwake.

Njia ya seli shina

Teknolojia yenyewe ilianza na Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, waliorudisha seli za panya kwenye hali ya uchanga mwaka 2006 na za binadamu mwaka 2007 kwa jeni nne: OCT4, SOX2, KLF4 na c-MYC. Hapa jeni hizo ziliingizwa kwa virusi vya Sendai, ambavyo havijipandikizi kwenye DNA ya seli na hupotea kadiri seli zinavyogawanyika. Fibroblasti za kijana na za kaka yake, aliyeridhia naye akakatwa kinyama, zilitumika zikiwa zimehamishwa sahani mara 3 tu. Zikizeeka hukataa kugeuka.

Makoloni yalionekana kuanzia wiki ya tatu. Yalichukuliwa 24 kwa kila mtu, yakakuzwa 6, yakabakishwa 3. Hadi mara ya 12 ya kuhamishwa, virusi vilikuwa vimekwisha. Kila mara seli zilipobanduliwa kwa kutenganishwa moja moja, kizuizi cha ROCK, dawa inayosaidia seli zilizotenganishwa zisife, kiliwekwa kwa saa 24, bila hicho hufa kwa wingi.

Karyotipi (picha za kromosomu) za mistari yote ya seli, yaani kila koloni lililobakishwa, zilikuwa za kawaida. Hata hivyo, mmoja kati ya mistari mitatu ya kijana ulikuwa ukiota haraka kuliko wenzake. Kipimo cha qPCR kilionyesha nakala ya ziada ya eneo la 20q11.21, kipande kidogo mno kuonekana kwenye karyotipi, chenye jeni ya BCL2L1 inayozuia seli kufa. Katika utafiti unaopima kufa kwa seli, mstari huo ungetoa jibu la uongo lenye sura nzuri. Ukatupwa, na akiba ya makoloni 3 mengine yaliyogandishwa ikaokoa ratiba.

Kisha badiliko lilisahihishwa kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni, ili wapatikane pacha: seli zilezile za kijana, tofauti ni herufi moja. Kati ya makoloni 192 yaliyopimwa, matatu yalisomeka kuwa sahihi. Moja lilikuwa la hadaa. Mkato ulifuta kipande kikubwa cha nakala mbovu, PCR ikashindwa kuikuza, na ikabaki kusomeka nakala nzima tu. Iligunduliwa kwa kuangalia tofauti nyingine ya kurithi iliyo jirani: seli ilipaswa kuwa na herufi mbili mahali pale, ikawa na moja.

Kugeuza seli kuwa misuli laini ya aota kuna jambo ambalo wageni wa fani hulipita. Aota haina asili moja. Sehemu inayopanda hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye kishungi cha neva cha kiinitete, na mzizi wake una mchango mkubwa wa mesodamu ya pembeni. Timu ilitengeneza zote mbili. Hatua ya mwisho ilikuwa siku 12 za protini mbili za kupeleka ishara kwa seli: PDGF-BB nanogramu 10 na TGF-β1 nanogramu 2 kwa mililita. Na hapo pana mtego: katika Marfan, TGF-β ndiyo mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Ukipima bila kuiondoa kwanza na kuziacha seli zikae wiki kadhaa, unapima ulichomimina.

Matokeo

Mkupuo wa kwanza wa majaribio ulichanganya. Tofauti kati ya mistari miwili ya kijana yuleyule ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati yake na kaka yake. Ni pacha waliosahihishwa waliotoa mwanga: seli za kishungi cha neva zenye badiliko zilikuwa na wavu hafifu wa fibrilini, vimeng'enya vingi zaidi vya kula tishu, na vifo vingi zaidi, zilizosahihishwa zilirudi karibu na kawaida. Kwenye mesodamu ya pembeni tofauti ilikuwa ndogo na haikujirudia kila mkupuo. Kuzuia TGF-β kuliboresha wavu bila kupunguza vifo, jambo linalolingana na yaliyochapishwa na watafiti wa Cambridge mwaka 2017, walioonyesha kwamba vifo vya seli hufuata njia nyingine, ya protini iitwayo p38.

Kazi hii ilichukua zaidi ya miaka miwili tangu kinyama kukatwa. Dawa ya kijana haikubadilishwa kwa sababu yake. Mzizi wa aota, kwa eko ya mwisho iliyomo kwenye kisa hiki, ulikuwa milimita 43, na miadi na madaktari wa upasuaji wa moyo Dar es Salaam ilikuwa imeshafunguliwa kabla ya kufika 45.

Uchambuzi

Kutenganisha maswali ndiko kulikomwokoa binti asisubiri miaka miwili. Pendekezo la kwanza lingefuatwa, jibu lake lingekuwa nyuma ya foleni ya makoloni, CRISPR na mikupuo. Tunashauri kila anayetuma sampuli aandike juu ya ukurasa wa kwanza: mgonjwa anasubiri nini, na kipimo gani cha haraka kabisa kinaweza kukijibu.

Kutobadili dawa kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa ulileta ubishi. Mtu akiona sahani inapona kwa kuzuia TGF-β, hukimbilia kusema losatani, dawa ya presha. Losatani ilizuia kupanuka kwa aota ya panya mwaka 2006, na matumaini yakawa makubwa. Mwaka 2014 jaribio la watoto na vijana 608 halikuonyesha kwamba inaishinda atenololi. Seli kwenye sahani ni changa kama za mimba, hazipigwi na mawimbi ya damu, na hazina miaka 19 ya kuchakaa.

Kilichoharibika kwa uzembe ni sampuli ya kwanza. Kilichoharibika kwa kutojua ni fomu ya ridhaa, iliyoandikwa kwa lugha ya wanaolinda taasisi. Baada ya kikao, sentensi ya seli zisizokufa ilihamishiwa mwanzo wa fomu, ikaandikwa kwa maneno aliyoyatumia baba mkubwa mwenyewe. Kwa kaka, jambo jingine lilisahaulika: aliridhia kuwa "mtu wa kulinganisha" bila kuelezwa kwamba seli zake zinaweza kufichua ugonjwa mwingine asioujua. Ridhaa yake ilibidi ichukuliwe upya, na angeweza kukataa huku seli shina zake zikiwa tayari zimetengenezwa.

Kuhusu kutumia kaka kama kilinganishi, tungeanza na pacha wa CRISPR mapema zaidi na kumwacha kaka kwa hatua ya mwisho, au tusimkate kabisa. Ndugu wa baba na mama mmoja bado hutofautiana kwa mamilioni ya herufi.

Viyali kumi vilivyobaki Dar es Salaam vinahitaji tangi kuongezwa naitrojeni kila wiki. Mkataba wa kuhamisha sampuli una kurasa nyingi kuhusu vile vilivyosafiri. Kuhusu nani analipia naitrojeni ya vilivyobaki, baada ya ruzuku kwisha, hauna mstari hata mmoja, na hadi tunaandika anayejaza ni fundi sanifu mmoja anayekumbuka kila Ijumaa.